Sitaha inavuja na kubonyea: je, ni lazima niibandue yote?

"Habari ya kazi, fundi. Nina boti ya faiba ya futi 23 yenye kabini ndogo mbele. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na kibati chake kinasema 1981. Naitumia kupeleka wageni kutoka Entebbe hadi Kalangala, na siku nyingine tunatoka nao kuvua sangara. Tangu mvua za Machi maji yanadondoka juu ya kitanda cha kabini, na ukikanyaga mbele, karibu na chuma cha kufungia kamba ya nanga, sitaha inabonyea. Fundi mmoja wa hapa mwaloni anasema kiungo cha sitaha na bodi kimekufa. Dawa yake ni kukata ukingo wote, kuitoa sitaha, kuweka mbao mpya kwa ndani na kuirudisha. Anasema ni kazi ya wiki moja, chini ya mti, hapa hapa mwaloni. Wengine wananiambia nipake silikoni kuzunguka ukingo nimalizane nayo. Naomba kujua: sitaha imeshikwa na nini hasa? Ikitoka, boti itarudi kuwa ile ile? Na je, mimi na vijana wangu wawili tunaiweza kazi hiyo?"

Ndugu yangu, umefanya vizuri kuuliza kabla grenda haijawashwa, maana ukingo ukishakatwa haurudi. Nikikuelewa sawasawa, una matatizo mawili: maji yanayodondoka kabini na sitaha inayobonyea mbele. Fundi wako ameyahesabu kuwa tatizo moja na kulipa jina la kiungo kibovu. Huenda yuko sahihi. Lakini katika yote uliyonieleza sioni dalili hata moja inayoelekeza kwenye kiungo, na naona mbili zinazoelekeza kwenye vyuma vilivyofungwa juu ya sitaha. Kwa hiyo nakwambia wazi: usiibandue. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi. Nitakueleza sababu, ili hata ukiamua vingine uamue ukijua.

Boti kama yako hutengenezwa kwa kalibu mbili. Katika ya kwanza hutandazwa bodi, yaani mwili wa boti: jelikoti kwanza, ile ngozi ya nje yenye rangi, kisha mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa rezini ya poliesta, tabaka juu ya tabaka. Katika ya pili hutandazwa sitaha pamoja na paa la kabini. Vikishakauka hutolewa, na sitaha huvishwa juu ya bodi. Boti nyingi za injini zina sitaha ambayo ukingo wake unashuka na kuvaa nje ya ukingo wa bodi, halafu skrubu au ribiti hupigwa kutoka ubavuni. Nyingine, hasa za tanga, zina bodi yenye mdomo uliogeukia ndani. Sitaha hulala juu ya mdomo huo na bolti hupita kutoka juu kwenda chini. Zipo pia ambazo midomo yote miwili imegeukia nje, ikabanwa pamoja na kufichwa na mpira wa pembeni. Ng'oa mpira huo kwa urefu wa nusu mita tu na utaona mwenyewe yako ni ya namna gani. Fundi aliyetoa hukumu bila kufanya hivyo amekisia.

Kati ya vipande hivyo viwili huwekwa kitu cha kuziba, na hapa ndipo kazi inapokuwa nyepesi au inapokuwa balaa. Katika boti za umri wa yako unaweza kukuta uji wa rezini uliochanganywa na nyuzi fupi. Huo hukauka ukawa mgumu, na miaka ikipita hupasuka kwa kutikiswa na mawimbi na kugongwa gatini. Unaweza kukuta butili, kizibo cha aina ya mpira, ambayo hubaki laini na hukatika kwa kisu. Au unaweza kukuta gundi ya poliurethani, ambayo ikishashika ina nguvu kuliko faiba iliyoishikilia. Watu hudhani gundi kali ni ile isiyotoka tu. Shida yake kubwa ni kwamba ukiivuta, kinachoachia si gundi. Faiba ni tabaka zilizogandamana. Ukiivuta kwa urefu wake ni imara sana, lakini ukiipandisha ukingo kama unayeibandua, tabaka huachana. Ukitia mtaimbo kwenye kiungo cha poliurethani na kuubinya, sitaha itapanda, ndiyo, huku ikiondoka na ngozi ya bodi. Nimeona boti ambayo kiungo chake kilikuwa kizima kabisa. Kilichoiua ni jinsi ilivyofunguliwa.

Viwanda vingine viliongeza tabaka za faiba kwa ndani, zikafunika kiungo chote kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Ukizikuta hizo, skrubu zilikuwa za kushikilia tu wakati rezini inakauka, na ukizifungua zote sitaha haitasogea hata unywele.

Halafu kiungo hakishiki peke yake. Kuta za plaiwudi zinazogawa kabini zimefungwa kwa mikanda ya faiba chini kwenye bodi na mara nyingi juu kwenye sitaha pia. Dari ya ndani, makabati, nyaya za taa, kebo za gia na usukani, bomba la kujazia mafuta na lile la kupumulia tangi, kioo cha mbele, pembe za nyuma mahali injini inapofungwa: vyote hivyo vinaunganisha juu na chini. Kimoja tu ukikisahau, siku ya kuinua kitapasua mahali usipopatarajia. Hiyo "wiki moja" ya fundi wako haitoshi hata kufungua hivi vyote kwa uangalifu na kuviwekea alama.

Umeuliza kama boti itarudi kuwa ile ile. Chukua katoni tupu iliyo wazi juu, ishike pembe mbili za mkabala uizungushe: inajipinda. Ifunge, uigundishe, ujaribu tena: inagoma. Ubavu wa bodi yako una unene wa milimita chache tu, na ugumu wake mwingi unatokana na kufungwa na sitaha. Sitaha ikitoka, mbavu hufunguka nje au huingia ndani kulingana na bodi ilivyokalia magogo. Chini ya mti, juu ya mchanga ambao upande mmoja unadidimia mvua ikinyesha, bodi itajipinda taratibu bila wewe kuona. Siku ya kurudisha, sitaha haitakaa. Hapo vijana watasukuma, watavuta kwa kamba, watapiga bolti kwa nguvu, na boti itafungwa ikiwa imepinda, kiungo kikiwa kimebeba mkazo ambao kiwanda hakikuupanga.

Sasa tuje kwenye sitaha inayobonyea. Wengi husema faiba haiozi, na ni kweli, faiba haiozi. Lakini sitaha ya boti ya kizazi hicho kwa kawaida ni ngozi mbili nyembamba za faiba zenye mbao katikati, plaiwudi au balsa, mbao nyepesi sana. Mbao hiyo ndiyo inayoipa sitaha ugumu. Kila chuma kilichofungwa juu, kuanzia kile cha kamba ya nanga, nguzo za vishikio, fremu ya dirisha hadi taa, kimetobolewa kupita kwenye mbao. Kizibo cha tundu kikichoka, maji huingia na kutambaa ndani ya mbao. Kwetu huku hali ni mbaya kuliko pwani, kwa sababu maji ya mvua na ya ziwa Victoria ni matamu. Chumvi huzuia kuvu kidogo. Maji matamu huilisha. Kwa hiyo sitaha laini karibu na chuma cha nanga ni jambo la kutarajiwa: chuma kile huvutwa kila siku, bolti zake hulegea, maji hupita. Na maji yanayodondoka kitandani yanaweza kuwa yameingilia hapo hapo, yakatiririka juu ya dari ya ndani, yakatokea mbali na tundu lenyewe.

Silikoni usiitumie. Haishiki muda mrefu kwenye ukingo unaotikisika, inafungia maji ndani, na ikishapakwa huacha mafuta yasiyoonekana ambayo huzuia rezini na rangi kushika baadaye. Nimelazimika kusaga jelikoti nzima kuondoa silikoni iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Usikubali pia ushauri wa kutoboa vitundu na kumimina epoksi, rezini ya kuchanganya kopo mbili, ndani ya mbao iliyooza. Mbao iliyojaa maji haina nafasi ya kupokea rezini. Epoksi hukaa kwenye vitundu na uozo unaendelea pembeni yake.

Fanya uchunguzi huu, na huu vijana wako wanauweza kabisa. Siku kavu, gonga sitaha yote kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, ukisikiliza. Penye uzima sauti ni kali na fupi. Penye uozo au ngozi iliyoachana sauti ni nzito na butu. Chora mpaka kwa penseli. Kisha toboa kutoka ndani, kwa drili nyembamba, vitundu vichache ndani ya mpaka huo na vingine nje yake, bila kufika ngozi ya juu. Ukipita ngozi ya ndani, angalia unga unaotoka kwenye ncha. Ukiwa mweupe na mkavu, umefika penye uzima. Ukiwa mweusi, unanuka uvundo, na ukiusaga vidoleni unatoa maji, umepata uozo. Endelea kusogea hadi upate unga mkavu pande zote. Hapo una ramani, na ramani hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa kazi.

Maji yenyewe yatafute kwa sabuni. Funga madirisha na mlango wa kabini kwa nailoni na seloteipu pana, acha tundu moja la kuingiza hewa, uweke blowa kama ile ya kupulizia vumbi kwenye kompyuta. Hewa ikiwa inasukuma kutoka ndani, paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila chuma, kila fremu, na chini ya mpira wa pembeni. Mahali povu linapochemka ndipo maji yanapoingilia. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakibishaniwi: ama povu lipo, ama halipo. Huna blowa? Tumia mpira wa maji. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje amwagie kuanzia chini kwenda juu, kipande kimoja kwa dakika kadhaa kabla ya kusogea. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua lolote.

Nadhani utakuta chuma cha nanga, pengine na dirisha moja. Ikiwa ndivyo, dawa ya mbao iliyooza hufanyika kutoka juu bila kugusa kiungo. Unakata ngozi ya juu ukifuata mchoro wako wa penseli, unainua kipande kizima na kukihifadhi, unakwangua mbao yote iliyooza hadi ufike kavu, unaacha pakauke vizuri. Unaweka plaiwudi ya majini au povu gumu la PVC juu ya epoksi nzito, kisha unairudisha ngozi ile ile. Kwenye mshono, saga kingo zote mbili ziwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa ngozi. Ngozi ya milimita 3 inataka karibu milimita 36 kila upande. Watu wengi husaga kidogo wakidhani wanaokoa faiba, lakini nguvu ya mshono iko kwenye eneo la kushikana. Tumia epoksi, kwa sababu poliesta mpya haishiki vizuri juu ya poliesta kongwe. Na usitumie mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi pamoja na epoksi: gundi inayoshikilia nyuzi zake imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, kwenye epoksi hubaki ngumu. Nunua kitambaa cha kioo kilichofumwa au kushonwa.

Kabla ya kurudisha chuma cha nanga, toboa matundu yake makubwa kuliko bolti, yajaze epoksi nzito, iache ikauke, ndipo utoboe tena kwa saizi ya bolti katikati ya epoksi. Hata kizibo kikichoka tena, maji hayataikuta mbao. Chini weka bamba pana la plaiwudi au alumini, si washa ndogo peke yake.

Je, ukikuta povu linachemka kwenye kiungo chenyewe? Bado kuna njia ya katikati. Ng'oa mpira wa pembeni wote, badilisha ribiti zilizolegea kwa bolti zenye nati kila unapoweza kufika kwa ndani, kwangua nyufa za uji mkongwe, jaza gundi ya poliurethani, kaza taratibu. Ukiweza kufika kwa ndani, saga mpaka kwenye faiba safi na utandaze tabaka za kitambaa na epoksi juu ya kiungo. Kazi hiyo inachosha mgongo kwa sababu unafanya ukiwa umelala, lakini inaiacha boti katika umbo lake.

Kuibandua kunakubalika lini? Kiungo kikiwa kimefunguka kwa sehemu kubwa baada ya kugongwa. Sitaha ikiwa imeoza karibu yote na dari ya ndani inakuzuia kufika popote. Au una sitaha nyingine ya boti ile ile, jambo ambalo hapa Uganda ni nadra. Mbao za chini zinazobeba sakafu zikioza, kata sakafu, si sitaha. Na hata panapokubalika, lazima uiweke gharama ya kazi hiyo mezani pamoja na bei ya boti nyingine. Kwa boti ya 1981 mara nyingi hesabu haikubali, na sioni aibu kumwambia mwenye boti hivyo.

Ikikulazimu, ifanyike ndani ya banda lenye sakafu ya saruji. Bodi ikalishwe kwenye fremu yenye viegemeo vingi, hasa chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na penye kuta za ndani. Kabla ya skrubu ya kwanza kufunguliwa, pimeni upana wa boti kila mita moja na mshazari kutoka omo hadi kila pembe ya nyuma, na muandike. Fungeni mbao za kukingama ndani ya bodi chini kidogo ya kiungo, zibaki hadi mwisho. Toboeni vitundu vya alama kupita sitaha na bodi, ili siku ya kurudisha pini ziingie humo humo. Mafuta yatolewe, tangi lipitishiwe hewa, ndipo grenda iwashwe. Gundi ikatwe kwa waya au msumeno mwembamba wa kutetemeka, ikisaidiwa na joto la wastani na kabari za mbao. Mtaimbo ukae mbali. Sitaha nayo ikitoka iegemezwe kwa umbo lake kivulini, kwa sababu nayo hujipinda. Kazi hii wewe na vijana wawili msiianze bila mtu aliyewahi kuimaliza kwenye boti nyingine na anayeweza kukuonyesha boti hiyo.

Vumbi la faiba ni kioo kilichosagwa, na leso iliyofungwa mdomoni hailizuii. Tafuta barakoa ya kweli ya kuzuia vumbi laini, miwani iliyofunga pande zote na nguo za mikono mirefu. Mkitumia poliesta popote, hadina yake, yaani dawa ya kuikausha, ni peroksidi: tone moja jichoni linaweza kupofusha. Oshea maji mengi mfululizo kwa dakika 15 na uende hospitali. Na hadina hiyo isikutane moja kwa moja na ile dawa ya zambarau ya kuharakisha. Zikichanganywa zenyewe hulipuka. Changanya dawa ya zambarau kwenye rezini kwanza, koroga vizuri, ndipo utie hadina.

Muite mtu aje aione boti kwa macho ukikuta mojawapo ya haya: mikanda ya faiba ya kuta za ndani imeachana na bodi, nyufa zinazorudi kila ukizipaka, ubao wa nyuma unaobeba injini unabonyea, au kiungo kinafunguka na kufunga boti ikipanda wimbi. Kumbuka pia kwamba unabeba abiria. Chini ya Sheria ya Usafiri wa Maji ya Ndani ya mwaka 2021, boti yako inatakiwa kukaguliwa na kupata leseni ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi, kwa hiyo zungumza na mkaguzi kabla ya matengenezo makubwa ya aina yoyote. Piga picha za kila hatua, hasa mbao iliyooza na tabaka mpya kabla hazijafunikwa rangi.

Kwa sasa, usifunge nanga wala kamba ya kuvutwa kwenye kile chuma cha mbele. Huenda bolti zake zimeshika mbao iliyooza, na upepo ukibadilika katikati ya ziwa zinaweza kung'oka na kipande cha sitaha. Wageni wasubiri, au wapande boti ya jirani, mpaka hapo mbele pawe pagumu. Mvua zikipungua Juni na Julai ndio wakati mzuri wa kukata, kwa kuwa mbao itakauka na epoksi haitakauka juu ya unyevu. Nitumie picha ya kiungo mpira ukishang'olewa na mchoro wako wa penseli, na nitakuambia kama nilichokisia kuhusu chuma cha nanga ni sahihi.